Kwikwi Siku ya Mlima

Ndeshi aliishi na bibi yake. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kijijini. Ukiipita, unakutana na miti ya hifadhi, kisha mlima, kisha mawingu.

Asubuhi moja Ndeshi aliamka kabla ya jogoo. Jogoo mwenyewe alishangaa.

Ilikuwa Siku ya Mlima!

Siku ya Mlima kijiji kizima huenda kwenye kiwanja kando ya msitu. Watu hupanda miche. Hupiga ngoma. Hula mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, mpaka matumbo yanakuwa ya mviringo.

Kisha wote hunyamaza, shiii, wamsikilize mbega.

Unamjua mbega? Ni mnyama mweusi wa juu ya miti, jamaa ya tumbili. Ana manyoya marefu meupe, kama amejitanda shuka mgongoni. Akiita, mlima mzima unasikia.

"Rrroo-rrroo-rrroo!"

Zamani, Bibi alipokuwa mdogo, mbega waliita kila asubuhi. Kisha watu wakakata miti. Wakakata, wakakata, wakakata. Mbega wakaenda zao.

Bibi na wenzake wakapanda miti mipya. Wakapanda, wakapanda, wakapanda. Miti ikawa mirefu kuliko nyumba. Lakini mbega hawakurudi.

"Mwaka jana tuliponyamaza, tulisikia nini?" Bibi aliuliza.

"Mbuzi!" Ndeshi alijibu.

"Mbuzi tu," Bibi alisema. "Lakini juzi Mhifadhi Kileo aliona mkia mweupe juu ya miti."

Mhifadhi Kileo ndiye aliyelinda msitu. Yeye alisema ni mbega. Wengine walisema ni wingu.

Bibi alitazama msitu kupitia dirisha. "Natamani kumsikia tena, mjukuu wangu," alisema. "Hata mara moja tu."

"Leo utamsikia, Bibi!" Ndeshi alisema. Akachukua kiazi kitamu, akakibugia ili waondoke upesi.

"Polepole," Bibi alisema. "Kiazi hakina miguu. Hakitakimbia."

Ndeshi alimeza chote.

"Hik!"

"Nini hiyo?" Bibi aliuliza.

"Ni... hik!... kwikwi," Ndeshi alisema.

Lo! Kwikwi siku ya kunyamaza!

Ndeshi alikunywa maji, gudu, gudu, gudu. Akaiambia kwikwi:

"Kwikwi, kwikwi, shika njia!
Leo nataka kusikia!"

Kwikwi haikushika njia.

"Hik!"

Bibi alichomoa uzi kwenye khanga yake. Akaulowesha kwa ulimi. Akaubandika kwenye paji la uso la Ndeshi, pa!

"Hivi tunawafanyia watoto wachanga," Bibi alisema.

"Mimi si mchanga," Ndeshi alisema. "Hik!"

Wakaondoka hivyohivyo, uzi usoni.

Njiani walimkuta Mjomba Elirehema. Alikuwa amebeba ngoma begani.

"Shikamoo, Mjomba. Hik!"

"Marahaba," Mjomba alisema. Kisha akakunja uso. "Ndeshi! Umeiba kuku wangu!"

Ndeshi alishtuka. "Mimi? Kuku gani, Mjomba?"

Mjomba alicheka. "Hakuna kuku. Nilitaka ushtuke. Mtu akishtuka, kwikwi inakimbia."

Wakasubiri. Kimya. Kimya.

"Umepona!" Mjomba alisema.

"Hik!"

"Basi labda kuku umemwiba kweli," Mjomba alisema.

Ndeshi akaiambia tena kwikwi:

"Kwikwi, kwikwi, shika njia!
Leo nataka kusikia!"

Kiwanjani watu walikuwa wengi. Ngoma zililia, du-du-du! Mtori ulichemka, bwata-bwata-bwata!

Ndeshi alipanda mche wake. Alishindilia udongo kwa viganja viwili.

"Hik!"

Mche ukatikisika. Lakini ngoma zilikuwa zinalia, na hakuna aliyesikia.

Kisha Mhifadhi Kileo akainua mkono.

"Ndugu wananchi," alisema, "ngoma chini. Sasa tusikilize."

Watu wakakaa kwenye majani. Bibi alifumba macho. Aliweka kiganja nyuma ya sikio.

Ndeshi alimtazama. Alitaka sana kukaa hapo, ubavuni kwa Bibi. Lakini kwikwi ilikuwa inapanda kifuani.

"Bibi," alinong'ona, "naenda kukaa kule."

"Kwa nini? Mbega si wangu peke yangu."

"Nitakuharibia. Hik!"

Ndeshi akanyata. Akapita sufuria za mtori. Akapita ngoma. Akakaa chini ya mti wa kwanza, pale msitu unapoanzia. Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Alisikitika sana.

Sasa kiwanja chote kilikuwa kimya. Hata mbuzi hakulia. Mwaka huu alikuwa amefungwa mbali.

Majani yalisema shaa, shaa.

Maji ya kijito yalisema chururu, chururu.

Mbega hakusema kitu.

Watu wakasubiri. Wakasubiri tena. Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akatazama sufuria.

Bibi akafumbua macho. Polepole akashusha mkono kutoka sikioni.

Ndeshi alimwona. Akabana mdomo. Akabana pua. Akabana macho pia.

"HIIIK!"

Kwikwi kubwa kuliko zote! Watu wote wakageuka. Ndeshi alitamani ardhi imfiche.

Hapo tawi juu ya kichwa chake likatikisika.

Likatikisika tena.

"Rrroo?"

Ndeshi akatazama juu. Aliona mkia mrefu mweupe. Aliona uso mdogo mweusi ukimtazama.

"Rrroo-rrroo-rrroo!"

Mbali kidogo, mwingine akaitika. "Rrroo-rrroo!" Na mwingine, juu kabisa karibu na mawingu. "Rrroo-rrroo-rrroo!"

Watu wakainua vichwa, wakatazama juu.

"Mbega," Bibi alisema. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka, vyote pamoja. "Mbega wamerudi nyumbani."

Ndeshi akarudi mbio. Bibi akamkumbatia, akamkumbatia tena.

"Kumbe walikuwa wanangoja hodi!" Mjomba Elirehema alisema. Akapiga ngoma, du-du-du! Watu wakacheza.

"Na lile wingu, je?" Mhifadhi Kileo aliuliza. Waliosema ni wingu wakainamia bakuli. Wote walikuwa wanakula mtori.

Ndeshi akakumbuka kitu. Akatulia. Akasikiliza kifua chake.

Hakuna hik. Kwikwi ilikuwa imeshika njia.

Usiku ulipofika, Ndeshi alipanda kitandani. Bibi alikaa kando yake, akila kiazi kitamu. Alikuwa na njaa, maana mchana alicheza ngoma mpaka mwisho.

"Polepole, Bibi," Ndeshi alisema. "Kiazi hakina miguu."

Bibi alimeza.

"Hik!"

Ndeshi alicheka mpaka kitanda kikalia. Akachomoa uzi kwenye khanga ya Bibi. Akaulowesha kwa ulimi. Akanyoosha mkono aubandike kwenye paji la uso la Bibi.

Kisha akasita.

"Subiri, Bibi," alisema. "Usipone kwanza."

Akafungua dirisha. Huko nje palikuwa na giza na miti. Wakanong'ona pamoja:

"Kwikwi, kwikwi, we bakia!
Bado tunataka kusikia!"

"Hik!" Bibi alifanya.

Wakasubiri.

Majani yalisema shaa, shaa.

"Rrroo-rrroo," mtu wa msituni akaitika, kwa sauti ya usingizi.

"Na wewe ulale salama," Bibi akamjibu.

Ndeshi akambandika uzi, pa! Bibi akafunga dirisha, na wote wakalala.