Jivu Lililofagiwa

Jioni ile kazi yangu ilikuwa moja tu: kuwasha moto wa temaskali ili wifi yangu akaoge.

Kuni zilikuwa mbichi. Mvua ilikuwa imetunyeshea siku nenda siku rudi, ukungu umeshuka mpaka kwenye shamba la mikahawa nyuma ya nyumba, hata choo hukioni kiko wapi. Wifi yangu Amparo alikuwa mzazi, bado hajamaliza kuoga mvuke wake, na kwetu mzazi asiyemaliza mvuke baridi humwingia mifupani ikakaa humo mpaka uzeeni. Basi nikajitanda shali, nikatoka huku nasonya.

Temaskali yetu, bafu la mvuke, ni kibanda cha udongo, kifupi, unaingia kwa kutambaa. Mlango wake ni blanketi zito. Tundu la moto liko nyuma, kwa nje, kwa hiyo anayewasha haoni ndani. Nilikuta blanketi limening'inia upande mmoja. Nikajua ni upepo. Mbwa wetu alikuwa hajatoka chini ya meza tangu asubuhi, nayo hiyo nikaiita uvivu.

Na kulikuwa na harufu. Mkojo wa paka, mkali, na chini yake kitu kama maziwa yaliyolala.

Lakini nani anachungulia bafu la kwao? Nikarudisha blanketi, nikalikandamiza kwa mawe ili joto lisitoke, nikazunguka nyuma nikawasha.

Hapa lazima nimseme mdogo wangu Fidencio, mume wa Amparo, maana yote haya yalitoka kwenye ufagio wake.

Kwetu huku milimani Oaxaca mtoto hazaliwi peke yake. Saa ile anapozaliwa, na mnyama mmoja anazaliwa porini, na roho yao ni moja. Ukimpiga yule, huyu analia. Akifa yule, kachimbe kaburi. Kwa hiyo mama akishikwa na uchungu, tunamwaga jivu kuizunguka nyumba yote, na asubuhi anayemjua mnyama kwa unyayo wake anasoma. Akishasoma tunajua mtoto wetu ni nani huko nje, na yupi tusimguse. Halafu tunafunga midomo, kwa sababu adui akilijua hilo, ni kama umempa kisu na shingo ya mtoto.

Mama yetu, Delfina, ndiye aliyemwaga jivu usiku Amparo alipojifungua. Akakesha na mzazi, alfajiri akasinzia kidogo kitini. Alipoamka akasikia mluzi.

Fidencio alikuwa anafagia.

Miaka mingi amefanya kazi mjini kwenye mahoteli, huko ukikuta uchafu unafagia, hata huambiwi. Wageni wanakuja kumwona mtoto, akaona aibu na lile vumbi. Kafagia pande zote nne, kazoa, kamwaga shimoni. Mlangoni kanyunyizia na maji.

"Mama, umeona kulivyong'aa?" akauliza, meno yote nje.

 Mama akakaa chini palepale kizingitini, kwenye maji yale.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa kichekesho cha kijiji. Hatuui kitu. Nge tunamtoa kwa koleo, taratibu, kama mgeni rasmi. Panya akala jibini lote, tukamtazama. Siku moja nikainua mkono nimpige mbu, mama akanidaka.

"Mama, mbu naye ana nyayo?"

"Wewe uliliona jivu?"

"Sikuliona."

"Basi tulia."

Nikatulia, mbu akashiba. Tulikuwa tunacheka, sikatai. Mpaka mbuzi wa Fidencio alipochukuliwa zizini, akaburutwa mikahawani, tukakuta amefunikwa kwa majani nusu ameliwa. Puma. Wazee humwita simba wa huku, ingawa hana manyoya shingoni. Fidencio akaisafisha bunduki yake, mama akamkatalia. Wakazozana mpaka mtoto akalia.

Sasa turudi kwenye moto.

Nilikuwa jikoni nakoroga uji wa mahindi nikasikia kichanga kinakohoa. Kikohozi kidogo. Kikaja cha pili. Cha tatu kikaja na mluzi ndani yake, kama pumzi inapita kwenye bua.

"Wifi!" Amparo akaita kutoka chumbani. "Wifi, njoo! Hapumui vizuri!"

Nikamkuta amemsimamisha mtoto begani, anampigapiga mgongo. Uso wa mtoto ulikuwa mwekundu, macho yanatoka machozi. Na ajabu ni harufu. Moshi. Dirisha limefungwa, moto wa jikoni hautoi moshi, lakini nywele za mtoto zilinuka moshi wa kuni mbichi.

"Kapaliwa?" nikauliza.

"Hajanyonya tangu mchana. Wifi, ana moto huyu! Mshike!"

Nikamshika. Alikuwa anachoma. Mama akaja na maji, akaja na majani yake, akaanza kumwita Bikira Maria na watakatifu wote. Mtoto akazidi kuwa wa bluu midomoni. Hata jina alikuwa hajapewa.

"Leta kuni, chemsha maji," mama akaniambia, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Nilikuwa sijawahi kuisikia hivyo.

Nikatoka mbio mpaka kwenye rundo la kuni, lililo ubavuni mwa temaskali.

Nikainama.

Nikasikia kikohozi.

Si cha nyumbani. Kilikuwa karibu yangu, nyuma ya udongo, kidogo vilevile, na mluzi uleule ndani yake.

Kisha, nyumbani, mtoto akakohoa.

Nikasimama na kuni mkononi. 

Mle ndani. Kisha nyumbani.

Mle ndani. Kisha nyumbani.

Kisha mle ndani kitu kikaanza kukwaruza.

Sijui nilipiga kelele gani. Nilipiga mawe teke, nikang'oa blanketi, moshi ukanipiga usoni kama mkono wa mtu. Nikaingia kwa magoti. Macho hayaoni, nikapapasa. Nikashika manyoya. Yakanitemea mate na kunirarua kidole, nikayavuta hivyohivyo, nikayatupa nje kwenye majani mabichi.

Mtoto wa puma. Mdogo, tumbo kubwa, madoadoa mwili mzima, macho ya bluu.

Nikasikiliza nyumbani. Amparo alikuwa bado analia.

Nikarudi ndani, nikashika wa pili, karibu na mlango. Nikamtoa. Akatambaa kwenda kwa mwenzie, akapiga chafya.

Nyumbani, Amparo akapiga ukunga. Ukunga ule ninaujua. Ni wa mama anayeona mtoto anakwenda.

Nikarudi mara ya tatu. Nilikuwa nimeishiwa pumzi, nakiri niliogopa, nikasema nikifa humu nitamtokea Fidencio kila siku ya maisha yake. Nikafika mwisho kabisa, kwenye mawe ya moto. Hapo palikuwa na kitu kimelala. Hakikukwaruza, hakikutema. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa umegusa jiwe.

Nikatoka nacho kifuani. Kilikuwa kimelegea kama kitambaa. Nikakipanua mdomo kwa vidole, nikapuliza, kama mama anavyowapulizia vichanga waliochelewa kulia. Nikapuliza tena. Mdomo wake ulinuka maziwa.

Kikavuta pumzi.

Na ndani ya nyumba, mwanetu akalia. Kilio kikubwa, chenye hasira, kizuri kuliko nyimbo zote za kanisani. Nikakaa kwenye matope nikalia pia, nimekikumbatia kinyama kile.

Hapo ndipo nikasikia mluzi kutoka mikahawani. Mwembamba, wa kuita.

Alikuwa amesimama pale ukungu unapoanzia. Mama yao. Mkubwa, rangi ya majani makavu, mkia chini. Alikuwa ananitazama mimi, si watoto.

"Dada." Fidencio alikuwa nyuma yangu, ananong'ona. "Dada, lala chini. Nimemlenga."

"Weka chini hiyo bunduki."

"Atakurarua!"

"Fidencio... mwanao alikuwa anakufa, sivyo? Na sasa analia, sivyo?"

Akageuza shingo kuelekea kilio.

"Basi mwanao ni huyu niliyemshika."

Akaanza kusema ni upuuzi, nikamsikia anaanza, halafu akaacha. Amparo alikuwa ametoka mlangoni na mtoto kwenye shali. Akafunua mkono wa kulia wa mtoto. Kwenye kiganja na vidole viwili palikuwa na malengelenge, mabichi, yanang'aa.

"Moto haujamgusa," Amparo akasema polepole. "Nilikuwa nimembeba mimi, muda wote. Moto haujamgusa, mume wangu."

Nikageuza mguu wa kinyama. Wa kulia. Unyayo na vidole viwili vimeungua.

Fidencio akashusha bunduki. Niliwaweka watoto watatu kwenye majani, nikarudi kinyumenyume mpaka nyumbani. Puma akaja. Akambeba wa kwanza kwa shingo, akapotea kwenye ukungu. Akaja kumchukua wa pili. Aliporudi mara ya tatu, alimnusa yule aliyeungua kwa muda mrefu sana. Akainua kichwa. Akatazama mlango wetu, na kilichokuwa kwenye shali ya Amparo.

Akapiga hatua moja kuja kwetu.

Mama akasema kwa sauti ya chini, kama anazungumza na jirani, "Huyu ni wetu, mama mwenzangu. Wako ni huyo."

Sijui kama mnyama anasikia. Alisimama. Kisha akamchukua mtoto wake, akaenda.

Tulimbatiza mwanetu wiki hiyohiyo. Eulalia, tukamwita Lali. Malengelenge yalipona, ila vile vidole viwili vilishikana. Fidencio alimwomba mama msamaha akiwa amepiga magoti, na ufagio hakuushika tena. Lakini jivu likishamwagwa shimoni halisomeki. Lingesomwa siku ile, nisingewasha moto kabla ya kuchungulia.

Lali sasa ni mtoto wa kutumwa dukani. Mcheshi, mwepesi, hajawahi kuanguka. Hali nyama iliyopikwa sana. Jioni hukaa mlangoni akitazama mikahawa, na usimwite kwa nyuma, utaruka wewe.

Siri yake tuliitunza. Ila watu wa kijiji cha bonde la chini wana ng'ombe, na mwaka huu wamepoteza ndama. Wawindaji wao wamekuwa wakisimulia sokoni juu ya puma jike mwenye unyayo wa ajabu, mguu wa kulia, vidole viwili vimeungana. Wanacheka. Wanasema ngozi yake itakuwa na bahati, mradi isitobolewe na risasi.

Jumapili iliyopita mmoja wao alimnunulia Lali peremende. Lali akanyoosha mkono wa kulia. Yule mtu akaushika, akaukunjua, akautazama... akautazama. Kisha akauachia, akafuta kiganja chake kwenye suruali.  Tangu hapo Fidencio hajalala.

Leo mchana tumesikia mbwa bondeni.

Fidencio ameshuka kwenda kuwakabili, amebeba pombe, anamvuta mbuzi wetu mkubwa kwa kamba ili awape. Itambidi awaambie yote, ili wamwache puma yule. Na akishawaambia, watakuwa na kisu na shingo. Mama alimwambia, "Heri nusu shari." Akamfungia mkufu wake shingoni, akamsukuma mlangoni.

Jua limekuchwa sasa. Bado hajarudi.

Mbwa wamepanda. Wako kwenye korongo, upande wa pili wa mikahawa. Mama na Amparo wako mbele ya picha ya Bikira, wanasali bila sauti. Lali yuko chini ya kitanda. Anahema mdomo wazi, kama aliyekimbia mlima mzima, na hajatoka humu ndani tangu asubuhi.

"Shangazi, funga mlango."

"Nimefunga, mwanangu."

"Na kule?"

"Kule wapi?"

"Kule kwingine."

 Nasikia mbwa wanabweka kwa pamoja, ule mbweko wa kumzunguka mtu. Nashika komeo. Nasubiri mlio wa bunduki, au sauti ya Fidencio, chochote kitakachotangulia.

Mbwa wananyamaza. Ghafla, wote.

"Shangazi..." Sauti inatoka kwa shida. "Usinikabe."

"Sikukabi, mwanangu."

Na kweli simkabi. Mikono yangu yote miwili iko kwenye komeo.