Kifaa Kilichomjua Maa Serwaa

Hadithi hii nilisimuliwa na mpwa wangu Dufie, wakati wa mvua za mwaka jana, alipokuja kunisaidia kumenya mihogo. Aliisimulia huku akicheka. Ilipokuwa ikimtokea hakucheka hata kidogo.

Dufie anaishi Ejisu, kwetu Ghana, na mumewe, Boadu, dereva wa teksi. Kila siku Boadu hupeleka abiria Kumasi na kurudi. Jioni wanatwanga pamoja fufu, ugali wetu wa mihogo na ndizi. Boadu hushika mchi, Dufie hugeuza ndani ya kinu, mkono wake ukiingia na kutoka bila kupondwa. Kazi hiyo wanaiweza watu wanaoaminiana.

Kisha Boadu akapewa kifaa cha ramani. Ni kioo kidogo kinachokaa mbele ya dereva. Huonyesha njia, tena husema kwa sauti ya kike: kata kulia, nyoosha mbele. Kampuni moja iligawa vifaa hivyo bure kwa madereva wa stendi. Boadu alifurahi. Hakuuliza kwa nini ni bure.

Haukupita mwezi akaanza kubakiza chakula. Leo matonge mawili, kesho nusu bakuli. Dufie akamuuliza kama anaumwa. Akajibu kwamba ni joto tu. Kwetu, mwanamke akiona bakuli la mumewe linarudi na fufu, hajiulizi kama chumvi ilizidi. Anajiuliza ni jiko gani jingine linalomlisha.

Jumamosi moja walikwenda mazishini. Dufie alikaa mbele, amevaa nguo za msiba, nyeusi na nyekundu. Walipokaribia njia panda ya Fumesua, kile kioo kikasema, "Maa Serwaa yuko mita mia tatu, kulia kwako. Supu ya karanga iko moto. Karibu tena."

Boadu akazima sauti upesi. Upesi mno.

Lile "tena" lilimkwama Dufie kooni kama mwiba wa samaki. Huko msibani, watu walipolia naye alilia, akalia kuwapita wafiwa. Wakamsifu kwa huruma yake. Hawakujua anamlilia nani.

Waliporudi Dufie hakutoa kinu. Boadu akauliza kama hawali.

"Nenda kwa anayekungoja," Dufie akamwambia.

"Nani ananingoja, mke wangu?"

"Muulize mwanamke wako wa kwenye kioo. Anamjua huyo Serwaa mpaka kwa mita."

Boadu akaapa kwamba lile ni tangazo la biashara tu. Dufie akamuuliza ni tangazo gani linalomkaribisha mtu tena mahali asipowahi kufika. Boadu akatoka kwenda kufunga milango ya gari. Kule kukwepa ndiko kulikomkata Dufie maini. Akampigia mama yake simu, akamwambia Jumapili ijayo anarudi kwao, yeye na masufuria yake.

Jumatatu alipanda teksi ya mzee mmoja, aende akamwone huyo Serwaa kwa macho. Gari la mzee nalo lilikuwa na kioo kama kile. Walipofika njia panda, kikasema, "Maa Serwaa yuko mita mia tatu, kulia kwako."

Dufie akamtazama mzee. Kinywani hakuwa na jino hata moja la mbele. "Na wewe pia, babu?" akamuuliza.

Mzee akasema sauti hiyo humwita kila siku ya Mungu, ila nyama za pale zinataka meno. Dufie akaanza kuitilia shaka hasira yake. Lakini wivu una shingo ngumu. Akashuka.

Alimkuta Serwaa akipakua chakula katika mgahawa wake. Dufie alikuwa ameomba njia nzima mwanamke huyo awe mbaya wa sura. Alikuwa mzuri, ana mwanya, na shingo yake ina pingili. Dufie akamuuliza kama anamjua Boadu.

"Boadu yupi, dada? Wanaume sitini wanakula hapa mchana. Nawajua kwa bakuli, siwajui kwa majina. Unakula, au unapeleleza?"

Dufie akala. Supu ilikuwa tamu. Hilo nalo likamchoma.

Alirudi Ejisu moja kwa moja kwa jirani yake Ernestina, fundi wa redio za magari pale stendi. Akamweleza yote. Ernestina hakumcheka. Alimwita Boadu, akamwambia aegeshe gari na azime injini. Kisha akakaa na mume na mke mbele ya kile kioo.

"Dada Dufie, kifaa hiki kinajua gari liko wapi," alisema. "Kinapata ishara kutoka setelaiti huko angani. Bila hivyo kisingeweza kuonyesha njia. Sasa Serwaa anailipa kampuni ili gari lolote likipita karibu naye saa za kula, dereva aitwe. Awe mzee, awe kijana, awe na mke au asiwe naye."

"Na hilo 'tena'?"

"Hilo linatoka kwenye kumbukumbu. Kifaa kinaandika gari lilisimama wapi, saa ngapi, mara ngapi. Kikiona unasimama pale pale, kinakuita zaidi."

"Kwa hiyo alisimama."

"Alisimama, dada."

Boadu akainamisha kichwa. Akakiri kwamba saa sita njaa ikimbana, sauti ikimwita, hujikuta amekata kona. Aliona aibu kumwambia mkewe kwamba anafika nyumbani tumbo limeshajaa. Kisha akasema jambo jingine, kwa sauti ya chini. Wiki iliyopita alikuwa akisoma tangazo kwenye kile kioo huku anaendesha. Nusura amgonge mama aliyebeba nyanya kichwani.

Dufie akashika kifua. Siku zote hizo alimwogopa Serwaa, kumbe kifo ndicho kilichokuwa karibu.

Ernestina akawaonyesha la kufanya. Unafungua mahali pa mipangilio. Unakataza kifaa kutumia mahali ulipo kwa ajili ya matangazo. Unafuta kumbukumbu za safari, kisha unazima sauti ya matangazo. Ramani inabaki kama ilivyokuwa. Njia unaichagua kabla ya kuondoka, na ukipotea unaegesha kwanza. Akasema vipo vifaa vinavyogoma kuzimwa matangazo. Vifaa hivyo mrudishie mwenyewe.

"Rahisi ghali, Kaka Boadu," alisema. "Hukutoa fedha, ulitoa safari zako. Ukipewa kitu cha bure, uliza kinachukua nini kwako na kinampelekea nani."

Dufie akaomba kufuta kumbukumbu yeye mwenyewe. Akabonyeza kwa nguvu, hadi Ernestina akamwambia polepole, kioo hakina kosa.

Tangu siku hiyo Boadu huondoka na kenkey, donge la unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki kwenye kopo la chakula, hula kivulini stendi, gari limezimwa. Mama yake Dufie alipigiwa simu, akaambiwa masufuria hayaji.

Jumapili walikula fufu mchana, wakajilaza mkekani, mvua ikinyesha. Boadu alikuwa ameshafumba macho Dufie alipomuuliza supu ya nani ni tamu zaidi.

"Yako," akajibu.

"Mbona umefikiri kwanza?"

Boadu alikuwa ameshaanza kukoroma. Dufie akamtazama kwa muda mrefu, akitafuta kosa usoni pake. Hakuliona. Akavuta kanga yake upande wa mumewe, akamfunika miguu, naye akalala.