Mashuti ya Huruma

Kila jioni baada ya vipindi, uwanja wa shule ulijaa kelele, na nusu ya kelele hizo zilitoka kwa msichana mmoja tu. Wenzake walimwita Chiriku, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa mshambuliaji wa timu ya wasichana, ila mdomo wake ulikimbia kuliko miguu.

Golini alisimama rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, Sumaku. Mpira ukifika mikononi mwake haukuchomoka.

"Wewe unapaka gundi!" Chiriku alizoea kulalamika.

"Napaka akili. Nikugawie kidogo?"

Kisha Sumaku akakosekana shuleni kwa muda mrefu. Mwanamume mmoja wa mtaani kwao, mtu mzima aliyeaminiwa na wote, alikuwa amemfanyia ukatili wa kingono. Sumaku alimweleza shangazi yake siku ileile. Shangazi hakumuuliza alifuata nini kwa mtu yule. Alimwamini, akampeleka hospitali, kisha polisi, na mwanamume yule akakamatwa. Lakini midomo ya mtaani haina kufuli, na habari zikafika mpaka darasani.

Siku aliporudi, wenzake walimpokea kwa nia njema kabisa, na hapo ndipo walipoharibu. Waliokuwa wakipiga soga walinyamaza ghafla. Mmoja alimbebea begi, mwingine akamfutia kiti. Jioni, Chiriku akawanong'oneza wachezaji, "Jamani, leo tupige polepole. Mwenzetu amepitia makubwa."

Wakapiga polepole kweli. Mipira ilijikokota kama inakwenda kulala. Sumaku akadaka mitatu, wa nne akauacha upite makusudi. Hakuna aliyemtania. Badala yake, wakampigia makofi!

Sumaku alivua glavu akazitupa chini. "Nimefungwa, mnanipigia makofi? Mnaniona mgonjwa?" Akaondoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi alimwambia Chiriku maneno machache tu. "Nimemwomba shangazi anihamishe. Leo jioni anakuja kuonana na mwalimu mkuu."

Chiriku alitoka mbio hadi kwa mwalimu wa ushauri nasaha, kwenye kile chumba kidogo cha pazia la bluu kando ya stoo ya chaki. Sumaku naye alikuwa ameanza kwenda pale kuzungumza na mwalimu huyo.

"Mwalimu, tumemfanyia wema mpaka anahama!"

Mwalimu alijizuia kucheka. "Mmemuuliza anataka nini?"

"Hapana."

"Unaongea kutwa nzima, swali hilo moja likakushinda?"

"Niliogopa kumuuliza yaliyompata."

"Hayo usimuulize. Ni yake, siyo ya darasa. Akitaka kuyasema, wewe sikiliza. Lakini ya leo na kesho, muulize."

Chiriku alimkuta Sumaku bombani akijaza chupa ya maji. "Nisamehe. Ni mimi niliyewaambia wapige polepole. Wewe ungependa tufanyeje?"

Sumaku alifunga bomba polepole. Chiriku naye akasubiri bila kuongeza neno, ingawa ulimi ulimwasha.

"Kuna siku naamka vizuri, kuna siku hapana," Sumaku alisema hatimaye. "Ikiwa hapana nitakwambia, ukae na mimi tu. Msinyamaze nikiingia, maana najua mlikuwa mnanisema. Na golini mnipige kama zamani. Pale mimi ni kipa, basi."

"Hata nikitoboa nyavu?"

"Kwa miguu hiyo ya kuku?"

Jioni, Chiriku alirudi nyuma, akaja kasi, akaachia shuti la nguvu zake zote. Sumaku aliruka, akalikosa, akaanguka kifudifudi mchangani. Uwanja mzima ukanyamaza. Chiriku alitaka kumkimbilia, lakini akainua mikono juu. "Gooo! Gundi imekauka!"

Sumaku aliinua uso, mchanga mpaka kwenye nyusi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashindwa kusimama. "Bahati hiyo! Rudia, kama umekula!" Chiriku akarudia, na safari hii mpira ukanasa mikononi.

Shangazi alikuwa amefika, amesimama kando ya uwanja na mwalimu wa ushauri. Alikuwa hajasikia kicheko hicho siku nyingi, na machozi yalimtoka. "Mwanangu, twende kwa mwalimu mkuu?"

"Kufanya nini, shangazi? Nikihama, huyu nani atamfunga mdomo?"

Siku chache baadaye mwalimu wa ushauri alizungumza na darasa zima, bila kumtaja mtu.

"Mtoto akifanyiwa ukatili wa kingono, awe msichana au mvulana, kosa si lake na aibu si yake. Ni ya aliyetenda. Mwenzako akikueleza, mwamini, usimtangaze, na umsindikize kwa mtu mzima mnayemwamini. Asiposikia huyo, nendeni kwa mwingine. Kisha muulizeni anachohitaji, na mumwache awe yuleyule mnayemjua."

Chiriku akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama huyo tunayemjua anadaka kila mpira?"

"Hapo," alisema mwalimu, "fanyeni mazoezi."

Na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Sumaku.