Talaka Ndani ya Bakuli

Asubuhi ile Bi Shadha alikuta vibakuli vyote vya watoto vimeangalia juu.

Si jambo la kupigia kelele. Vilikuwa vibakuli vya udongo, kazi ya wanafunzi wa shule ya msingi, vimeanikwa vikauke katika chumba cha mafunzo cha makumbusho alikofanya kazi Bi Shadha. Jana yake alikuwa ameviinamisha mwenyewe, midomo chini, maana vumbi lilikuwa linakuja. Sasa vimekaa vinywa wazi, kama makinda yanayosubiri kulishwa. Na chumba kilinuka lami ya moto.

"Rusul, umevigeuza wewe?"

Rusul, msichana mwalimu wa makumbusho, alikuwa akikoroga chai. "Mimi? Na kucha zangu hizi za harusi ya dada? Udongo siugusi."

"Na hiyo lami?"

"Labda barabarani, Bi Shadha."

Barabara ya mbele ya makumbusho haikuwa imeona lami tangu serikali tatu zilizopita.

Kisa chenyewe kilianzia, kama maafa mengi ya mji ule wa kando ya mto Furati, kwenye hotuba. Daktari Muhannad, mkurugenzi, alirudi kutoka kongamano la ng'ambo na mkoba mpya na maneno mapya. Makumbusho si makaburi ya vyungu, alisema. Mwanafunzi ashirikishwe, mwanafunzi aiguse sayansi. Hilo Shadha hakulikataa. Alikuwa akilifanya miaka yote bila mkoba. Alichokataa ni namna. Ghalani mlikuwa na mabakuli mawili ya kale, yaliyofukuliwa chini ya kizingiti cha nyumba iliyokufa zamani, yamelaliana mdomo kwa mdomo na kuzibwa kwa lami. Daktari alitaka kuyafungua jukwaani, mbele ya watoto na kamera.

"Yamezibwa kwa sababu, Daktari," Shadha alimwambia. "Wazee wa zamani walikuwa wakimnasa jini humo. Kama huamini, sawa, basi tuyapeleke maabara yapigwe picha kwanza. Huo ndio utafiti."

"Msomi mzima unaniletea mambo ya bibi zetu?"

"Nakuletea mambo ya maabara."

"Maabara haipigiwi makofi, Bi Shadha. Na nyumba hii ni yangu."

Akayafungua. Mtoto wa kumshikia bakuli la chini alimchagua Narjis, bintiye Shadha, kwa kuwa nywele zake zingependeza kwenye picha. Patasi ikaingia, lami ikapasuka, na ndani hamkuwa na kitu ila maandishi ya wino yakizunguka kutoka ukingoni hadi katikati, kama maji yanayonywewa na shimo. Watu wakashangilia. Mabakuli yakatiwa kwenye kabati la kioo, yakawashiwa taa, na hakuna aliyeuliza yameandikwa nini. Makofi yalikwisha kupigwa. Kusoma kwa nini tena?

Tangu siku hiyo Narjis alizungumza kwa kuzunguka. "Mama, nipe mkate, mkate wa moto, moto uko nje, nje yuko mama, mama, nipe mkate," mpaka pumzi imwishie na midomo iwe buluu. Akilala adhuhuri, shingo yake huota alama nyembamba za vidole, virefu kuliko vya mtu. Hospitali wakasema ni mzio. Sayyid mmoja, msomaji dua mwenye wafuasi wengi kwenye simu, alikuja na maji ya waridi, akasoma kidogo, akasikia kitu, akaondoka akiacha kiatu kimoja. Na pumzi ya mtoto ilizidi kufupika.

Ndiyo maana siku ile ya vibakuli Shadha alikuwa amemleta kazini. Adhuhuri vumbi jekundu lilitua juu ya mji, umeme ukakatika, jenereta ikakohoa, ikanyamaza. Narjis alikuwa amelala juu ya koti la mama yake.

Ndipo Shadha akasikia ukucha. Ulikuwa ukikwaruza udongo, polepole, ukizunguka ndani ya kibakuli kimoja, kisha ndani ya cha pili, kisha ndani ya vyote kwa pamoja, na harufu ya lami ikawa nzito hata ikashika kooni, na koti alilolalia mtoto likabonyea upande mmoja kama kwamba kuna mtu mzito ameketi pale taratibu, kwa adabu, kama mke anayeketi kando ya kitanda cha nyumba yake mwenyewe, na shingo ya Narjis ikaanza kuingia ndani, alama moja baada ya nyingine, bila mkono wowote kuonekana.

Akambeba mwanawe, akakimbia hadi kwenye kabati la kioo, akawasha tochi ya simu. Kiaramu, lugha ya kale ya maandishi yale, alikuwa amekisoma chuo kikuu Baghdad, wenzake wakimcheka kwamba ni lugha ya kuombea kazi peponi. Akasoma kwa kuzunguka, kichwa kimeinama.

Ilikuwa talaka. Nimekuacha, wewe unayekaba watoto, kama majini wanavyoachana. Hii hapa talaka yako, toka wala usirudi. Na aliyeacha alijitaja kwa jina la mama yake, maana katika mambo haya baba ni dhana, mama ndiye ushahidi.

"Mimi Shadha binti Nadhima," alinong'ona, "na mwanangu Narjis binti Shadha, tumekuacha." Akarudia mara tatu.

Narjis akakohoa, akatema kipande cheusi cha lami. "Mama," alisema, "mkate uko wapi?"

Akanyamaza. Sentensi ilikuwa na mwisho. Shadha aliketi sakafuni akalia.

Lakini ukucha haukunyamaza. Ulishuka ukumbini, ukapita mlango wa Rusul, ukaingia ofisi ya mkurugenzi.

Shadha na Rusul walimkuta Daktari Muhannad amelegeza tai, kashika koo. "Vumbi tu," alisema. "Vumbi la nje, nje kuna..." Akajizuia.

"Jini huyu anaachwa kwa maneno," Shadha alimwambia kwa sauti ya chini. "Sema: Mimi Muhannad mwana wa fulani, nimekuacha. Taja jina la mama yako."

Daktari aliwatazama wote wawili. "Mbele yenu?"

"Rusul atatoka. Mimi nitaziba masikio."

"Jina la mama yangu halitajwi ofisini."

"Daktari, huko kongamano si ulihutubia kuhusu heshima ya mwanamke katika urithi wetu?"

"Hiyo ilikuwa hotuba," alisema, na hakuona cha kuchekesha. "Nitasema 'mama wa Muhannad'. Yatosha."

"Jini haachwi kwa lakabu."

Shadha angemtajia jina hilo yeye, japo kwa kumhurumia. Hakulijua. Hakuna aliyelijua. Bibi yule alipofariki, kitambaa cheusi cha tanzia kilichotundikwa ukutani kiliandikwa: mama wa Daktari Muhannad. Alikuwa amezikwa bila jina, na mwanawe aliona hiyo ndiyo heshima.

"Tokeni," alisema. "Nyumba hii ni yangu."

Kitu kilikwaruza nyuma ya kiti chake, taratibu, kama mke anayekubali.

Wageni wa ng'ambo walipokuja kuona mafanikio, Daktari alivaa kola ndefu. Midomo yake ilikuwa buluu. "Makumbusho ni ya watoto," alihutubu, "watoto ni kesho, kesho ni urithi, urithi ni makumbusho, makumbusho ni ya watoto..." Akazunguka, akazunguka, macho yamemtoka, akiomba msaada. Hakuna aliyegutuka, hotuba zake zote zilikuwa hivyo. Pumzi ilipomwishia, Rusul aliongoza makofi, na kiongozi wa wageni, machozi yakimlengalenga, akamwalika akaihutubie nchi yao.

Narjis alivuta mkono wa mama yake.

"Mama, na yule aliyemkalia begani naye atapanda ndege?"