Ikifa, Irudi Baada ya Sekunde Tano

Wimbo ulikatika katikati, spika ikakohoa, halafu sauti ya mwanamume ikasema: "Bega, kumi na tano."

Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, karakana ya kushona imejaa sare za shule. Nani huogopa jini saa nane mchana? Shangazi, aliyekuwa anashona vifungo, aliogopa, tena sana.

"Hiyo ni sauti ya marehemu kaka yangu," alinong'ona.

Na kweli ilifanana kabisa na ya mzee mwenye karakana, aliyezikwa mwaka jana.

Binti yake ndiye aliyeleta muziki. Alichukua kompyuta kuukuu, akaiwekea mfumo wa Linux, akapanga programu ya muziki iliyoandikwa kwa Java ifanye kazi chinichini: mashine ikiwashwa tu, nyimbo zinaanza bila mtu kugusa kitu. Alikuwa na haraka, na haraka haraka haina baraka. Aliipa programu ruhusa zote za mashine, kama mgeni aliyekabidhiwa funguo za nyumba nzima. Kisha akaandika mstari mmoja: ikifa, irudi baada ya sekunde tano, kila mara. Mwaliko wa namna hiyo, jamani, hauitikiwi na programu peke yake.

"Kifua, thelathini na nane."

Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani. Binti akageuka amwambie mama yake watoke, akamkuta kwenye meza ya kukatia, macho yametulia kama ya mtu anayesikiliza habari njema, mkono mmoja ukivuta futi na mwingine ukisukuma mkasi kwenye kitambaa cheupe ambacho hakuna mteja aliyekiagiza, akikikata kwa kipimo cha bega lake mwenyewe, cha kifua chake mwenyewe, na kila mkasi ulipojifunga, midomo yake ilizidi kuwa ya kijivu.

"Anajikatia sanda!" Shangazi alisema. "Urefu ukitajwa, tumempoteza!"

Binti akafungua laptopu yake iliyounganishwa na ile kompyuta kuukuu, akaiua programu. Kimya. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

"Mwanangu," sauti ikacheka, "si wewe uliyeniandikia nirudi?"

Akaiua tena. Sekunde tano.

"Utamzika baba yako mara ngapi?"

Hapo binti alilia, tusimfichie. Dawa aliijua, kuufuta ule mstari, lakini vidole vilimgomea. Je, kama ni baba kweli? Ndipo akakumbuka.

"Mama! Baba alikupima lini?"

Mkasi ukasimama. Mtaa mzima ulijua kwamba yule mzee alimshonea mkewe magauni miaka thelathini bila kushika futi hata siku moja. Alimtazama tu, akakata. Alisema anayempima mkewe hajawahi kumwangalia vizuri.

"Mume wangu hakuwahi kunipima," mama alisema polepole. Kisha akawaka. "Mshenzi we! Unajifanya mume wangu na hata kunijua hunijui? Mwanangu, futa!"

Binti akafuta mstari, akaivua programu ruhusa zote, akaisimamisha.

"Ure..." ilisema sauti, ikakatika.

Wakahesabu mpaka tano. Wakahesabu mpaka sitini. Shangazi alifika mia mbili, akiwa nje.

"Sasa weka muziki," mama akasema. "Karakana ni yangu. Simwachii mtu, wala asiye mtu."

Binti akaiwasha upya, safari hii bila ruhusa yoyote ila kusoma nyimbo. Na ikifa, ife.

Kitambaa cheupe wakakishona foronya. Asubuhi yake waliikuta futi imenyooshwa mezani na kubanwa kwa pini, pini ya mwisho ikiwa kwenye alama ya urefu wa mama. Shangazi akashika kichwa. Mama akachukua mkasi, akaikatakata vipande, akavitupa kwenye ndoo ya taka.

"Akirudi, akute hakuna cha kupimia," akasema. Akatandika kitambaa cha maua mezani, akamgeukia binti yake. "Simama vizuri, nikutazame."

Akamtazama kitambo, akakata. Gauni lilipokwisha kushonwa, lilimkaa sawasawa.