Ndoo ya Chumba cha Saba

Jua lilikuwa linazama na mimi nilikuwa na ndoo mkononi, kama kila jioni. Kunywesha farasi kabla giza halijaingia ndiyo kazi yangu. Banda letu lina vyumba saba, na karibu farasi wote ni wa watu. Wenyewe wanatuachia tuwatunze, wanakuja Jumamosi kupanda, wanapiga picha, wanaondoka. Kulisha, kusugua na kuzoa mavi ni juu yetu. Kila mlango una kibao cheusi. Ukishajaza ndoo ya maji unaweka alama ya vema kwa chaki, ili mwenzako asirudie kazi. Bosi haangalii ndoo. Anaangalia vibao.

Mpira wa maji unafika chumba cha sita tu. Cha saba, cha mwisho kule, unakibebea kwa mkono.

Jioni hiyo hakuna farasi aliyekunywa. Asubuhi hawakunywa. Jana yake hawakunywa. Ndoo zilikuwa zimejaa hadi ukingoni, na farasi wote sita walisimama wameelekeza nyuso upande mmoja... upande wa chumba cha saba.

Na chumba cha saba kilikuwa kitupu. Farasi wake alikuwa amekufa wiki tatu zilizopita.

Nje uwanjani bosi alikuwa amesimama na fundi wa kwato na watu wengine kama wanane. Walinong'ona, lakini fundi wa kwato hata akinong'ona utamsikia ng'ambo ya pili.

"Ni yule mama tu," alisema. "Mmoja hakumtosha, sasa anawataka wote. Leo twende kwake. Tusimwachie hata kijiko."

Aliyekuwa anasemwa ni shangazi yangu. Dada wa baba, tumbo moja. Ndiye aliyenitafutia kazi hii, ndiye aliyenifundisha upande gani wa farasi usisimame kama unapenda meno yako.

Sasa ngoja niseme, maana nimechoka kujifanya mtu mwema.

Shangazi aliondoka siku mbili kwenda kutibiwa macho. Aliniachia banda. "Mwanangu, nyasi kavu bila maji ni sumu," aliniambia. "Usimsahau wa mwisho mwisho kule." Nikamjibu, "Shangazi, kwani mimi mtoto?" Nikacheka hata.

Kulikuwa na msichana anayekuja kujifunza kupanda farasi. Basi. Sina sababu nyingine, na hiyo yenyewe ni aibu kuitaja. Jioni ya kwanza nilijaza vyumba vya karibu, mkono ukachoka, msichana akaniita. Nikaweka alama ya vema chumba cha saba, nikasema nitarudi. Sikurudi. Kesho yake asubuhi nikaweka alama. Jioni nikaweka alama. Humo ndani mlikuwa na farasi jike mweupe, mpole, tuliyemwita Kipepeo. Nilimsikia. Alikuwa anaisukuma ndoo tupu kwa pua yake juu ya sakafu ya saruji... kwaruu... kwaruu... Nami nimekaa nje ya ukuta huohuo napiga soga. Nikamwambia yule msichana, "Huyo ana deko."

Lo! Hivyo ndivyo nilivyosema.

Shangazi alirudi alfajiri ya siku ya tatu, bandeji jichoni, akamkuta Kipepeo amelala anagaragara, tumbo limemsokota. Farasi akiumwa tumbo haachwi alale. Shangazi alimwinua akamtembeza uwanjani tangu alfajiri mpaka saa sita mchana, anamnong'oneza sikioni, maana ndivyo alivyokuwa akiongea na farasi wote. Saa sita na nusu Kipepeo alimwangukia miguuni.

Daktari wa mifugo akauliza, "Alikuwa anakunywa?" Wote wakageuka kutazama kibao. Alama tatu, za mkono wangu. "Basi ni ajabu," daktari akasema.

Neno hilo likawa mlango wangu. Nilimvuta bosi pembeni. Nikamwambia, "Bosi, mimi sisemi kitu, lakini yule alikuwa mzima mpaka shangazi aliporudi. Na umemsikia anavyowanong'oneza." Usiku nikakata unywele wa shingo ya yule farasi aliyekufa, nikaufunga fundo kwa uzi mwekundu niliouchomoa kwenye bandeji za miguu ya farasi, nikautia ndani ya sanduku la brashi za shangazi. Asubuhi fundi wa kwato akalifungua kuazima brashi, akakuta fundo, akaita ni uchawi.

Shangazi alifukuzwa kabla chai haijaiva. Hakulia. Alinitazama kwa lile jicho moja, akaniuliza polepole, "Maji ulimpa, mwanangu?"

Nikasema, "Nilimpa."

Sasa unajua nilikuwa nani jioni ile nikiwa nimeshika ndoo, huku farasi sita wanakufa kwa kiu mbele ya maji, na watu uwanjani wanatafuta fimbo.

Nikasikia.

Kwaruu...

Nilidhani ni masikio yangu. Nikasogea. Farasi wa chumba cha sita alikuwa anatetemeka ngozi yote, kama anafukuza nzi wasioonekana.

Kwaruu... kwaruu...

Kibao cha chumba cha saba nilikifuta mwenyewe siku ile ya msiba. Sasa kilikuwa na alama tatu za chaki, na mikia yake mirefu, vilevile ninavyoandika mimi. Nikazifuta kwa kiganja. Nikatazama kiganja changu. Hakikuwa na chaki. Nikainua macho, alama zipo palepale.

Harufu ya nyasi kavu ilitoka humo ndani, na joto la pumzi.

Miguu iliniambia kimbia. Lakini uwanjani fundi wa kwato alikuwa anawapanga watu, nani mbele nani nyuma, na nilijua wakifika kwa shangazi wamekasirika hivyo watamuua. Nikaenda bombani, nikajaza ndoo, nikaibeba kwa mkono. Nikausukuma mlango.

Giza.

Nikaiweka ndoo chini. Haikupita sekunde, nikasikia anakunywa. Mafunda makubwa, ya mtu aliyevuka jangwa. Ndoo ikaisha. Nikaenda kujaza nyingine, ikaisha. Ya tatu, ya nne. Mikono inaniuma, jasho na machozi sijui kipi ni kipi. Ya tano ilipoisha nikasema moyoni, hapo atakuwa ametosheka.

Kwaruu...

Nikanyoosha mkono gizani nimtulize, kwa mazoea tu. Mkono ukakuta shingo. Ilikuwa baridi, baridi ya sakafu. Vidole vikapita kwenye nywele na vikagonga fundo. Nikasogeza, fundo jingine. Na jingine. Shingo nzima mafundo, na kila fundo lina uzi.

Mimi nilifunga moja tu. Haki ya Mungu, moja tu.

Nikapiga magoti kwenye saruji. "Sikukupa," nilisema. "Ni mimi. Shangazi hakukufanya kitu. Nilikusikia, nikaendelea kucheka."

Ndoo haikusukumwa tena.

Halafu, banda zima kwa pamoja, farasi sita wakainamisha vichwa wakaanza kunywa.

Nilitoka mbio mpaka uwanjani. Nikawaambia wote, mbele ya bosi. Sikuacha kitu. Msichana, chaki, uzi mwekundu, sanduku. Nilisema nikiwa nimelowa kuanzia kifua mpaka miguuni, meno yanagongana. Nilipomaliza, nilingoja kofi. Nililitaka.

Bosi alinitazama kwa huruma.

"Umeona?" fundi wa kwato alimwambia. "Yule mama ameshampanda kichwani. Anamsemesha maneno yake mwenyewe ajiokoe."

"Ni kweli ninachosema!"

"Na farasi wameanza kunywa sasa hivi," bosi akasema taratibu. "Amejua tunakuja, amewaachia."

"Bosi, mimi ndiye niliye—"

"Pole, kijana. Mwekeni kitako, apumzike."

Nikamponyoka aliyenishika. Kwa shangazi kuna njia ya mkato, nyuma ya nyumba, uchochoro wa udongo ambao yeye mwenyewe huufagia kila jioni mpaka unang'aa. Nilifika nikagonga. Alifungua akiwa na taa mkononi, jicho limeshapona.

"Shangazi, shikamoo. Sikumpa maji."

Aliinua taa aone uso wangu. "Marahaba. Najua."

"Unajua?"

"Ndoo ilikuwa na vumbi ndani, mwanangu. Niliiona asubuhi ileile."

Nilihisi nimevuliwa nguo. "Kwa nini hukusema?"

"Nikuseme wewe? Mtoto wa kaka yangu?" Sauti yake haikupanda. "Nikasema atasema mwenyewe. Leo hatasema, atasema kesho. Nimekaa kwenye kiti hiki wiki tatu nangojea hodi yako."

Mbele ya nyumba kelele zilishaanza kusikika, na mwanga wa tochi.

"Shangazi, wanakuja. Nimewaambia ukweli, hawataki. Toka kwa nyuma, nakuomba."

Alijifunga kanga, akazima taa. Hakuchukua kitu kingine. Alipofika mlangoni alisimama ghafla, akatazama nyuma yangu, uchochoroni. Pale hapakuwa na mtu. Akanyoosha shingo akanong'ona jambo, chini kabisa, kwa ile sauti niliyoisikia alfajiri ya msiba. Kitu kilishusha pumzi karibu na sikio langu, ndefu, ya moto.

Kisha shangazi akaenda zake. Hakuniaga.

Walipofika niliwazuia mlangoni, nikapiga kelele yaleyale. Fundi wa kwato alinikumbatia huku ananilaza pembeni. Waliingia wakavunja kiti, wakavunja vyungu, wakachoma godoro. Kisha mmoja akamulika uchochoroni na akaita wenzake kwa sauti iliyokatika.

Kwenye udongo uliofagiwa kulikuwa na nyayo zangu zikija, na kando yake kwato, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni. Kutoka mlangoni zilienda nyayo za shangazi. Na zile kwato zilienda naye, bega kwa bega, mpaka mwanga wa tochi ulipoishia.

"Mnaona?" fundi wa kwato alisema. "Ameondoka na farasi wake aliyemla."

Hapo hata waliokuwa na shaka wakaamini.

Ni miezi saba sasa. Hakuna ajuaye shangazi alipo. Baba alinipigia akauliza dada yake ana nini, nikamweleza yote, akasema, "Pole, mwanangu, kumbe amekuumiza hivyo," akakata simu akilia. Bosi alinipa kazi ya shangazi, pamoja na sanduku lake la brashi. Farasi wanakunywa vizuri. Watu wenye mifugo wagonjwa wameanza kunifuata, eti mimi niliyeponea chupuchupu lazima najua dawa.

Mwanzoni kila aliyekuja nilimweleza ukweli. Nilimweleza mpaka koo likakauka. Wananisikiliza mpaka mwisho, wananishika bega, wananipa pole.

Juzi alikuja mama mmoja na mbuzi wake. Akaniambia, "Pole sana, kijana, kwa alichokufanyia yule mchawi."

Nikasema, "Ahsante, mama. Nimeshapoa."