Ishara Nyuma ya Daktari

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidoti alimtungia bibi yake uzi kwenye sindano ya cherehani. Walimwita Kidoti kwa ajili ya alama ndogo iliyokuwa shavuni mwake. Bibi alikuwa fundi hodari, lakini siku hizi mambo yalimwendea mrama. Juzi alimshonea mteja gauni lenye mikono mitatu, na kabla ya hapo alisahau pasi ya moto juu ya meza, nusura nyumba iungue.

"Huo mkono wa tatu ni wa kujikunia mgongo," Bibi alisema, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kidoti hakucheka. Moyo ulimuuma.

Siku ya kliniki ilipofika, Kidoti alimsindikiza. Huko, daktari mmoja mtafiti aliwafuatilia wazee ili ajue kwa nini ubongo wa mmoja huzeeka taratibu, na wa mwingine hushikwa na ugonjwa wa Alzaima, unaofuta kumbukumbu. Aliwasomea maneno machache, wakapiga soga kidogo, kisha akawaomba wayataje. Mara iliyopita Bibi alishindwa, akarudi nyumbani amejifunika uso kwa kanga. Kidoti aliapa kwamba aibu ile haitampata tena.

Basi akakaa nyuma ya daktari. Bibi alipokwama, Kidoti alishika sikio.

"Sikio!" Bibi akasema.

Kidoti akainua mguu.

"Kiatu!"

Akachungulia nje.

"Dirisha!"

Daktari akatabasamu. "Hongera, Bibi! Kwa hali hii huna haja ya kuja kila mwezi. Tuonane mwakani."

Furaha ya Kidoti ikayeyuka. Mwakani? Na ile pasi je? Nani angewashauri nyumbani wakati Bibi anazidi kusahau?

"Daktari, samahani," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa namwonyesha mimi. Na nyumbani alisahau pasi ya moto, nusura nyumba iungue."

Daktari akavua miwani, akamgeukia. Bibi akaangua kicheko, kisha akainamisha kichwa.

"Tusimlaumu mke mwenzangu peke yake," alisema, kwa jina la utani alilompa mjukuu wake. "Nilimwona, nikamfuata kama mtoto anayeibia mtihani. Niliona haya, mwanangu."

"Pole, Bibi," daktari alisema bila ukali. "Nawe Kidoti, umefanya vyema kusema. Dawa ya kuuponya ugonjwa huu bado hatujaipata, tunaitafuta. Neno ambalo Bibi amelisahau lina faida kwangu sawa na alilolikumbuka. Mkinipa majibu ya uongo, nitapotea njia, nami nitawapoteza wazee wengine. Na Bibi mwenyewe atakosa msaada anaouhitaji leo."

Wakarudia jaribio kwa maneno mengine, safari hii Kidoti akingoja nje. Bibi alipotoka, Kidoti alimkimbilia.

"Umekumbuka mangapi, Bibi?"

"Moja."

"Lipi?"

"Nimeshalisahau."

Safari hii wote wawili wakacheka, hata daktari mlangoni. Akawaambia warudi mwezi ujao, na kwamba kuanzia leo Bibi asipige pasi akiwa peke yake.

Njiani Bibi aliushika mkono wa mjukuu wake. "Sikiliza, mke mwenzangu. Kule kliniki uniache nisahau mwenyewe, wapate kunijua nilivyo. Nyumbani ndiko unikumbushe."

"Sawa, Bibi."

Walipofika, Bibi aliketi kwenye cherehani. Kidoti akachomoa waya wa pasi ukutani, kisha akamtungia uzi.